Kuhusu sherehe ya mtaa wetu, Desemba

Shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za jioni.

Mwaka jana tulifunga barabara saa nne asubuhi na saa nane mchana watu walishaanza kuondoka. Iliniuma sana. Nilikua nikiona sherehe hii inakwenda mpaka giza linaingia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeshapotea kwenye mawingu na bado ngoma inalia.

Kilichopungua zaidi ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Tulinunua ya haraka, na kila mzee aliyeonja alirudisha kata kimya kimya. Mbege haifanywi kwa siku moja: ndizi mbivu zichemshwe, zikae siku kadhaa zichachuke, ulezi ulowekwe, uote, ukaushwe na usagwe, ndipo vichanganywe. Msesewe, lile gome chungu la mti linalotiwa ndani, nao unataka mkono unaojua kipimo. Wanaojua hapa mtaani wamebaki kina mama wachache, na umri umekwenda. Kwa hiyo naomba vijana sita, wa kike na wa kiume, wakae nao tangu siku ya kwanza ya kuchemsha. Wajifunze, siyo kubeba kuni tu.

Kwa chakula, mtori (supu ya ndizi na nyama) na kiburu (ndizi na maharage) tumeshapata wapishi. Barua ya kufunga barabara naipeleka serikali ya mtaa Jumatatu. Mchango ni ule ule, mpeni mweka hazina.

Mlioko Dar, mkishakata tiketi za basi au treni niandikieni tarehe za kufika. Tutapanga siku ambayo wengi wenu mmeshafika Moshi.

Vijana, nasubiri majina yenu hapa hapa.