Pikipiki kuukuu zisiwashwe kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaofufua pikipiki za zamani zenye injini ya mipigo miwili (inayokamilisha mzunguko wake wa kazi pistoni ikipanda na kushuka mara moja), ambao wengi wao humimina petroli mpya, hubadilisha plagi, kisha hupiga kiki mpaka injini iitike, wakidhani kazi imekwisha.

Injini hizo hazihifadhi oili chini ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kama zile za mipigo minne. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupitia kwanza katika chumba cha krenki, chini ya pistoni, ndipo uingie kwenye silinda. Kwa hiyo sili (vizibo) za mpira zilizo kwenye ncha mbili za krenki, ambazo hukauka na kupasuka pikipiki ikikaa miaka mingi bila kutumika, zikipitisha hewa ya nje, petroli huwa pungufu, injini hupata joto kupita kiasi, na pistoni inaweza kukwama. Kung'arisha tangi kabla ya kubadilisha sili hizo ni sawa na kupaka rangi nyumba isiyo na paa. Kabureta nayo ifunguliwe na vijitundu vyake visafishwe; eksozi iondolewe masizi.

Kuhusu kipimo cha oili, kitabu cha mtengenezaji kifuatwe. Pikipiki nyingi za zamani zilitaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 20 au 25 za petroli, kwa kuwa beringi za krenki hutegemea oili hiyo hiyo. Wapo wanaoipunguza kwa kuchukia moshi. Hao, nadhani, wangetafuta pikipiki ya aina nyingine.

Msomaji wako.