Barua kwa wajukuu zangu walio sekondari Iowa: hesabuni krediti kabla Mei haijaisha

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote mnaosoma sekondari za umma hapa Des Moines, na wenzenu wa Cedar Rapids na Iowa City. Nawasalimu mliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na Mahama, na ninyi mliozaliwa hapa hapa, ambao Kiswahili mnakisikia zaidi jikoni kwa mama na kanisani. Theluji imekwisha, makoti mazito yamerudi kabatini, na nikipita karibu na viwanja vya shule saa kumi jioni nawaona mnafanya mazoezi ya mpira. Kwenye korido kumejaa matangazo ya prom, ile ngoma ya shule ya mwisho wa mwaka, ya picha za wahitimu na ya mitihani ya AP, masomo ya kiwango cha chuo. Ni majira ya furaha, na sina nia ya kuwaharibia furaha hiyo. Lakini nina neno moja zito, na lazima niliseme sasa, kwa sababu nikingoja Juni halitamfaa mtu.

Shule ya hapa haimfelishi mtoto kwa kelele. Inamwacha apite. Anaitwa mwanafunzi wa darasa la kumi na moja, kisha la kumi na mbili, huku hana krediti, yaani pointi za masomo aliyofaulu, za kumfikisha huko, na jambo hilo linakuja kujulikana majira haya, mwaka wa mwisho, joho likiwa limekwisha kuagizwa.

Nifafanue kwa ajili ya wazazi watakaosomewa barua hii. Kwetu Kongo mtoto akishindwa anarudia mwaka, na mtaa mzima unajua. Bulletini inaletwa nyumbani, baba anaangalia asilimia, na ikiwa chini ya hamsini hakuna mjadala. Mwisho wa sekondari kuna Exetat, mtihani mmoja wa taifa zima, na siku ya matokeo aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa mtaani akiimbiwa. Wale mliosoma kambini mnalijua hili, maana Nyarugusu tulifuata mtaala wa Kongo vilevile.

Iowa hakuna mtihani wa namna hiyo. Sheria ya jimbo inataka mhitimu awe amesoma Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu, sayansi mitatu na maarifa ya jamii mitatu, na wilaya ya shule inaongeza masharti yake juu ya hayo. Kila somo unalofaulu linakupa krediti. Ukipata F, yaani ukifeli, huna krediti ya somo hilo, lakini katika shule nyingi Agosti utapanda darasa pamoja na wenzako kama kawaida, na somo lile linabaki nyuma kama deni dukani ambalo mwenye duka hakudai mpaka siku ya kufunga hesabu.

Nilimwona kijana mmoja wa jamaa zetu akilifikia deni hilo. Alikuja kwangu Aprili na transkripti yake, karatasi ya masomo yake yote na alama zake, imekunjwa mara nne mfukoni. Tuliifungua juu ya meza. Upande wa kushoto yalikuwa majina ya masomo, kulia herufi, na mwisho wa mstari namba ya krediti. Kwenye mistari ya Kiingereza, muhula wa pili wa darasa la kumi, palikuwa na F na sifuri. Chini yake hesabu, F na sifuri. Yote mawili yalikuwa masomo ya saa ya kwanza asubuhi, na mwaka ule alikuwa akitoka kazini usiku wa manane. Mama yake alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu wa Kentucky na Texas waombe ruhusa kazini waje kwenye sherehe. Kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna aliyewahi kukaa naye akausoma mstari mmoja mmoja. Alimaliza masomo hayo wakati wa likizo ya kiangazi na diploma akaipata Agosti, kwenye bahasha.

Kwa hiyo wiki hii, si wiki ijayo, nenda kwa mshauri wako wa masomo na uombe transkripti. Ni haki yako, wala si aibu kuiomba. Mwambie hivi: nionyeshe krediti nilizonazo, nionyeshe zinazotakiwa, nionyeshe zilizopungua, na unieleze nitazipata wapi. Kuna masomo ya kiangazi. Kuna masomo ya kufidia yanayofanywa kwenye kompyuta. Ikiwa bado uko darasa la tisa au la kumi, majira haya ndiyo mnayochagua masomo ya mwaka ujao, na fomu ile mnayoijaza kwa haraka ili mkacheze ndiyo inayoamua kama utapata hesabu ya kutosha kuingia chuo unachokitaka. Washauri wana wanafunzi wengi mno. Asiyebisha hodi hawamwoni, na hilo silisemi kwa kuwalaumu.

Tazama pia kazi ulizoacha bila kukabidhi. Fungua mfumo wa alama kwenye simu yako usiku huu, mbele ya mzazi wako, na mhesabu pamoja. Mara nyingi F ya Aprili haitokani na mitihani, inatokana na karatasi tano ambazo hazikumfikia mwalimu. Mwalimu wa hapa ukimfuata kwa adabu na kumuuliza ni zipi bado anazipokea, mara nyingi atakupa nafasi. Mei katikati jibu linabadilika.

Sasa wale wakubwa kidogo. Wengi wenu kwenye karatasi mmezaliwa Januari 1, kwa sababu ofisa wa kambini aliuliza tarehe, mama akataja msimu wa mavuno, na ofisa akaandika alichoandika. Umefika hapa na miaka kumi na saba au kumi na minane, Kiingereza bado kigumu, na umeanza kusikia watu wakisema umepitwa na wakati, katafute kazi. Iowa inatoa shule ya umma bure kwa mkazi wake mpaka miaka 21. Usikubali kuondolewa kwa maneno ya kwenye korido. Uliza, na ukijibiwa hapana, omba jibu hilo kwa maandishi. Ninajua uchungu wa kukaa na watoto wa miaka kumi na minne ukiwa na ndevu. Nilifundisha watu wazima kusoma kule Fizi, Kongo, na niliona waliovumilia macho ya watu walivyoishia kusoma barua zao wenyewe.

Michezo naipenda, na najua kwamba kwa baadhi yenu mpira ndio unaowaamsha asubuhi. Hapa Iowa soka la sekondari linachezwa majira haya, na mashindano ya jimbo ni mwanzoni mwa Juni. Mwishoni mwa Aprili kuna Drake Relays, mbio zilizoanza 1910, ambapo vijana wa sekondari wanakimbia kwenye njia ile ya bluu ya Drake Stadium siku zile zile wanazokimbia wanariadha wa vyuo na wa kimataifa. Mwenzenu akifika pale tunakwenda sote kumshangilia, na vigelegele vya mama zetu vinasikika mpaka upande wa pili wa uwanja. Lakini jueni sheria: kufeli somo kunaweza kukuweka nje ya timu kwa wiki kadhaa, na aliyetimiza miaka 20 hachezi tena michezo ya sekondari. Kocha anayekupenda atakuuliza alama zako kabla ya mechi. Kocha asiyeuliza anapenda mabao tu, na mabao hayo hayatakupa diploma.

Kuhusu kazi, hapa nawageukia wazazi kwanza. Kodi ya nyumba imepanda, najua. Baba amesimama kwa muda wa saa kumi kwenye kiwanda cha nyama na mikono haifungi vizuri usiku. Mtoto akisaidia ni baraka. Lakini sheria ya taifa inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari za machinjioni na viwanda vya kusindika nyama, na aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa tatu siku ya shule, wala kupita saa moja jioni. Mtu anayekuja kanisani kuwatafutia vijana kazi ya kusafisha mashine usiku kwa karatasi zenye jina la mtu mwingine, mfukuzeni. Nasema mfukuzeni. Mashine zile zimekwisha kuchukua vidole vya watu wazima wenye uzoefu.

Na kukosa shule kunahesabiwa. Mwaka wa masomo hapa ni siku 180 au saa 1,080, na kukosa asilimia 10 ni siku 18, yaani mbili tu kwa mwezi. Tunazimaliza kirahisi. Ijumaa moja tumekwenda harusi Michigan, Jumatatu tumechoka na safari, Alhamisi binti amempeleka mama hospitali akamtafsirie. Hospitali ina wakalimani. Shule nayo ina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, wajibu unaotokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mzazi aseme neno moja tu kwenye simu, Kiswahili, au Kibembe, au Kinyarwanda, kisha angoje mkalimani.

Hapa nina ombi kwenu vijana, na nawaomba kama babu: acheni kutafsiri mikutano yenu wenyewe. Mwalimu anasema mtoto amekosa siku kumi na tano, na mtoto anamgeukia mama na kusema, mwalimu anakusalimu, anasema ninaendelea vizuri. Mama anatabasamu, anamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Nimesikia hili likisimuliwa kwenye mikusanyiko ya vijana, watu wakicheka. Mimi sikucheka. Mwanamke yule alivuka ziwa usiku na wewe mgongoni.

Mabinti, nizungumze nanyi kuhusu prom, maana mmenituma kwa baba zenu mara nyingi. Maoni yangu ni kwamba si dhambi. Ni ngoma ya vijana yenye walimu mlangoni. Mwambie baba mapema, si siku tatu kabla. Mpe jina la shule, saa ya kuanza, saa ya kurudi, na nani anaendesha gari. Mama mmoja wa hapa alimshonea bintiye gauni la kitenge lenye mgongo wa dhahabu, na wasichana wote wakataka kupiga naye picha. Shule nyingi pia zina magauni ya kuazima bila malipo, ulizeni. Ila kukopa pesa kwa ajili ya usiku mmoja sitakutetea, wala sitakutetea ukiniambia uongo ni wapi unakwenda baadaye.

Wanaohitimu, msingoje sherehe ndipo muulize habari za chuo. Vyuo vingi vinataka jibu lako kufikia Mei 1. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, haina malipo, kwa hiyo anayewadai dola hamsini kuijaza anawaibia. Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, anastahili msaada wa serikali, na aliyeingia kama mkimbizi asijihukumu mwenyewe, aulize ofisi ya chuo. Ruzuku ya Pell, ya serikali ya taifa, hairudishwi, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Iowa ina Last-Dollar Scholarship inayofidia karo iliyobaki kwa baadhi ya fani kwenye vyuo vya jamii kama DMACC. Hizo ni fani za ufundi, afya na teknolojia, kazi ambazo watu wanaajiriwa nazo. Na kama una miaka miwili mbele yako, uliza kuhusu masomo ya chuo yanayosomwa ukiwa bado sekondari, bila karo. Nashangaa kila mwaka jinsi watoto wetu wachache wanavyoyachukua.

Jambo jingine linalosahaulika ni lugha zenu. Iowa inatoa muhuri maalumu kwa mhitimu anayethibitisha kuwa anajua vizuri Kiingereza na lugha nyingine. Mtihani wa Kiswahili upo, na wa Kifaransa upo. Mtoto aliyesoma Uvira, kule Kongo, kwa Kifaransa, akatafsiri kambini kwa Kiswahili, sasa anaandika insha kwa Kiingereza, halafu anaambiwa yuko nyuma! Muulize mwalimu wako wa lugha kama shule yako inashiriki.

Wachungaji na viongozi wa kwaya, Mei hii sogezeni mazoezi ya Jumapili usiku yaishe saa mbili. Mungu hatanuna.

Na wewe uliyeacha shule Januari, unayesoma barua hii kwa siri kwenye simu ukiwa kwenye mapumziko ya kazi: ikiwa hujafika miaka 21, usajili wa Agosti unakuhusu. Njoo Jumamosi baada ya ibada ya vijana na karatasi yoyote uliyo nayo, hata kama ni moja tu. Njoo na mama kama atakubali. Jumatatu yake nitakusindikiza mwenyewe mpaka ofisi ya shule, na tutaomba mkalimani ingawa Kiingereza chako ni kizuri, ili na mama asikie kila kitu.

Ni mimi babu yenu,
Des Moines, Iowa