Kwa nini wauguzi wenye Kiingereza kizuri hufeli OET

Alikuja darasani kwetu, hapa Mombasa, muuguzi mwenye miaka 11 ya kazi, mingi yake katika wodi ya upasuaji. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, saa ya kupimia mapigo bado imebanwa kifuani. Akafungua simu akanionyesha matokeo yake ya OET: kusoma 390, kusikiliza 370, kuzungumza 360, kuandika 280. Akaniuliza: "Mwalimu, mimi naandika habari za wagonjwa kila siku ya Mungu. Hii 280 imetoka wapi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na watu wengi wanapoliuliza huwa wameshajijibu kwamba Kiingereza chao ni kibovu. Nilisoma barua alizokuwa akifanyia mazoezi. Kiingereza chake hakikuwa na tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba aliandika kila kitu.

Kwanza niwaeleze wasioujua mtihani huu. OET ni mtihani wa Kiingereza cha kazini kwa watu wa afya: wauguzi, madaktari, wafamasia na wengineo, fani 12 kwa jumla. Una sehemu nne. Kusoma na kusikiliza ni karatasi moja kwa fani zote. Kuandika na kuzungumza hutungwa kwa fani yako, kwa hiyo muuguzi ataandika barua ya muuguzi na kuzungumza na mgonjwa kama muuguzi. Kila sehemu ina alama zake, kuanzia 0 hadi 500. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linataka daraja B, yaani 350 kwenda juu, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na C+, yaani 300 kwenda juu, katika kuandika. Huyu dada yetu alikuwa amebakisha alama 20.

Wapo wanaouliza kwa uchungu: nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, chuo cha uuguzi ni Kiingereza, mtihani wa baraza letu ni Kiingereza, nipimwe tena cha nini? Uchungu huo nauelewa. Lakini Kenya haimo katika orodha ya NMC ya nchi ambazo wengi wa watu wake Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza, kwa hiyo kusoma hapa peke yake hakukuondolei mtihani. Mwaka 2021, miezi michache baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Watu walicheka sana mitandaoni. Mimi iliniuma, kwa sababu wauguzi wetu nawajua. Ni watu wanaompokea mgonjwa kwa Kigiriama, wakamweleza daktari kwa Kiingereza, wakaja kuzungumza na ndugu zake kwa Kiswahili, yote ndani ya robo saa. Mtu wa namna hiyo hakosi lugha. Anachokosa ni kuujua mtihani unataka nini.

Nianze na barua, maana ndiyo inayowaangusha wengi wanaokuja kwetu. Unapewa maelezo ya mgonjwa, dakika 5 za kuyasoma bila kuandika, kisha dakika 40 za kuandika barua ya maneno kama 180 hadi 200. Mara nyingi ni barua ya rufaa, ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, au ya kumhamishia kwa mhudumu mwingine.

Chukua mfano huu, tuliouandaa wenyewe kwa darasa. Mzee wa miaka 74 amefanyiwa upasuaji wa nyonga baada ya kuanguka bafuni. Anarudi nyumbani kesho. Anayeandikiwa ni muuguzi wa jamii atakayekwenda kumbadilishia bandeji. Katika maelezo kuna mambo mengi: alitolewa mafindofindo utotoni, ana presha na dawa zinaishika vizuri, siku ya pili alipata homa, ikaisha, penisilini humtoa vipele, mkewe alifariki na anaishi peke yake, chumba cha kulala kiko ghorofani, siku ya tano kidonda kilitoa majimaji kidogo, nyuzi zitolewe siku ya 14, anapenda kulima bustani, anakataa kutumia fremu ya kutembelea kwa sababu anaona aibu.

Darasa zima huanza vilevile: mgonjwa alilazwa tarehe fulani, akapigwa picha, akapelekwa thieta, siku ya kwanza hivi, siku ya pili vile. Muuguzi wa jamii anafika mstari wa 14 ndipo anapojua kwamba kuna nyuzi za kutoa. Mafindofindo yamo. Homa iliyokwisha imo. Aibu ya fremu haimo, kwa kuwa mwandishi alidhani hilo si jambo la kitabibu.

Na sababu yake inaeleweka. Wodini tumefundishwa kukabidhi zamu kwa kufuata siku, tangu mgonjwa kulazwa hadi sasa, na mwenzako anayepokea ana faili zima mkononi na mgonjwa mwenyewe yuko kitandani mbele yake. Kwa kazi ile, utaratibu huo ni mzuri. Muuguzi wa jamii hana faili wala hajamwona mgonjwa. Ana karatasi yako tu, na anaisoma mlangoni pa mzee. Ukimwachia jirani mtoto kwa saa mbili humsimulii siku aliyozaliwa. Unamwambia amekula saa ngapi, dawa ya kikohozi iko wapi, na njugu asipewe.

Kwa hiyo barua ya mzee huyu inaanza na lengo: naomba umtembelee, ukitunze kidonda, utoe nyuzi siku ya 14. Baada ya hapo kinakuja kidonda chenyewe na yale majimaji ya siku ya tano, kwa kuwa atahitaji kuyaangalia. Penisilini lazima iwemo, maana kidonda kikiingia vidudu mtu atafikiria antibayotiki. Upweke, ngazi na fremu vinakwenda pamoja katika aya moja, kwa sababu vitatu hivyo ndivyo vitakavyomwangusha tena. Presha inatajwa kwa nusu sentensi. Mafindofindo na bustani unaviacha. Watahini wana vigezo sita, na cha kwanza ni lengo: je, msomaji analiona mara moja? Kigezo kingine kinaangalia ufupi, na hapo kila habari isiyomhusu msomaji inakula alama zako hata kama umeiandika kwa sarufi safi kabisa.

Yapo pia makosa tunayoyabeba kutoka lugha yetu, na haya nayataja kwa sababu vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa ng'ambo havitayataja. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo katika haraka ya dakika ya 35 mama anageuka "he" katikati ya aya. Nimeliona kosa hilo kwa watu wenye digrii mbili. Kiswahili pia hakina "a" wala "the", na mtu anayenukuu maelezo ya mkato huviruka vyote bila kujua. Dawa yake ni dakika tatu za mwisho: soma barua mara moja ukitafuta "he" na "she" tu, halafu mara ya pili ukitafuta "the". Usisome kwa kufurahia ulichoandika.

Vifupisho navyo. "BD" na "TDS" daktari atavielewa. Ukimwandikia ofisa wa ustawi wa jamii, andika mara mbili kwa siku, mara tatu kwa siku, kwa maneno kamili.

Sasa kuzungumza. Kuna maigizo mawili, kila moja kama dakika tano, na kabla ya kila moja unapewa dakika chache za kusoma kadi yako. Anayeigiza mgonjwa hakupi alama. Sauti hurekodiwa na kupelekwa kwa watahini wengine. Kwa hiyo usihangaike kumsoma uso. Lafudhi yako ya pwani, ya Kisii au ya Kikamba haikukatii alama maadamu unaeleweka.

Lakini kueleweka kuna mtego kwetu sisi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: mgonjwa, hospitali, daktari wa meno, zote hivyo. Tukilipeleka zoea hilo kwenye Kiingereza, "fifteen" tunaikaza mwanzo, na masikioni mwa Mwingereza inakuwa "fifty". Miligramu 15 imegeuka 50. Darasani kwetu tunaisema kwa sauti mpaka jirani wa chini amezoea. Kuna pia presha ya kupanda na ya kushuka, "hypertension" na "hypotension", ambazo kwa Kiingereza zinatofautiana kwa silabi moja ndogo ya kati. Zitamke polepole, na ikibidi ongeza "high" au "low" ili mgonjwa asibaki na shaka.

Halafu kuna pole. Neno hili ni tamu, na Kiingereza hakina linalolingana nalo. Mgonjwa akisema mguu unamuuma, sisi tunatoa "sorry, sorry", na yule wa upande wa pili anajiuliza huyu muuguzi amenikosea nini. Usiiache pole yako, maana huruma ndiyo inayopimwa katika nusu ya pili ya vigezo vya kuzungumza. Iseme kwa sentensi nzima: "I'm sorry to hear that", kisha ongeza kinachoonyesha umesikia, kwa mfano kwamba kukosa usingizi siku tatu kunachosha. Kisha nyamaza kidogo umwache aseme.

Juzi niliigiza mzee aliyeacha vidonge vya presha. Mwanafunzi, muuguzi hodari, alinijia moja kwa moja: lazima umeze dawa kila siku, usipomeza utapata kiharusi, sawa? Nikajibu sawa. Igizo likaisha katika dakika moja na nusu, na hakujua kwa nini niliacha vidonge. Tukarudia. Safari hii akaniuliza nimekuwa nikizitumiaje dawa, na kuna kinachonisumbua. Nikamwambia zinaniamsha kwenda msalani mara nne usiku. Akasema hilo lazima linachosha, akaniuliza huwa nameza saa ngapi. Saa mbili usiku. Akanieleza kwamba dawa ile huondoa maji mwilini, kwamba kwa kawaida humezwa asubuhi, na kwamba atazungumza na daktari kuhusu kubadilisha saa. Kisha akaniomba nimrudishie kwa maneno yangu tulichokubaliana. Msamiati wake ulikuwa uleule wa mara ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba aliuliza kabla ya kuamuru, na watahini wanapima hasa hilo: kumjali mgonjwa, kuuelewa upande wake, kukusanya habari na kuzitoa kwa mpangilio.

Kusoma na kusikiliza nitapita haraka. Sehemu A ya kusoma ni maswali 20 kwa dakika 15, yaani sekunde 45 kwa swali, na muda ukiisha huwezi kurudi nyuma. Usiisome kama kitabu: tazama vichwa vya habari vya matini nne, ujue kila moja inahusu nini, kisha winda jibu na ulinakili bila kukosea herufi. Katika kusikiliza, sauti hupigwa mara moja tu. Anayeandika sentensi nzima hupoteza mbili zinazofuata, kwa hiyo andika neno au mawili kisha songa mbele. Ukikosa nafasi moja, iache.

Ukikosa sehemu moja ya mtihani usikate tamaa. NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mara mbili yaliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi kila sehemu umeifaulu angalau mara moja, na hakuna mara uliyoshuka chini ya C+ katika kusoma, kusikiliza au kuzungumza, wala chini ya C, yaani 200, katika kuandika. Yule dada wa 280 yumo ndani ya masharti hayo. Atakaa tena kwa sehemu zote nne, lakini anachohitaji kukiinua ni barua. Kabla hujalipa ada ya mtihani, soma masharti ya sasa kwenye tovuti ya NMC yenyewe, na kama unaelekea Ayalandi au Australia, soma ya baraza la huko, kwa maana yanatofautiana.

Wapo wanaopita hospitalini wakiahidi cheti cha OET bila kufanya mtihani. Matokeo huthibitishwa na baraza moja kwa moja kwenye mfumo wa OET, na cheti cha kubuni kinaweza kukufungia usajili. Ukiambiwa hivyo na mtu, hata akiwa binamu yako, kataa.

Sisi tunafundisha kwa wiki nane, vikundi vya watu sita, jioni mara mbili kwa wiki na Jumamosi asubuhi, na anayebadilishiwa zamu anahamia kikundi kingine bila malipo. Kila mmoja anaandika barua mbili kwa wiki na kila barua inarudi ikiwa imesahihishwa kigezo kwa kigezo. Kabla ya kulipa chochote, fanya kwanza mitihani ya mfano inayotolewa bure kwenye tovuti ya OET, kwa saa, simu ukiwa umeizima. Ukipata zaidi ya 30 kati ya 42 katika kusoma na kusikiliza, huenda huhitaji kozi nzima, na tutakuambia hivyo. Tutakupa darasa la barua na maigizo peke yake.

Ukija mara ya kwanza, njoo na barua moja uliyoiandika kwa dakika 40 bila kuirekebisha, pamoja na maelezo ya mgonjwa uliyoyatumia. Tutaketi nayo nusu saa, na kazi ya kwanza tutakayofanya ni kuchukua kalamu nyekundu na kukata kila ambacho msomaji wako hakihitaji.