Ratiba za mikutano ya kuacha pombe zihakikiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwakumbushe wanaotunza ratiba za mikutano ya watu wanaojinasua katika ulevi kwamba ratiba isiyosahihishwa huweza kumrudisha mtu kwenye chupa. Jioni niliyopata ujasiri wa kwenda kwa mara ya kwanza, nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli lenye vumbi. Kikundi kilikwisha kuhama, na karatasi iliyobandikwa ukutani ilikuwa imefifia hata namba ya simu haisomeki. Nilisimama pale mikono ikinitetemeka.

Baadaye nilijifunza kupiga simu kwanza na kuuliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu huruhusiwa kuhudhuria, au ni wa faragha kwa wenye tatizo lenyewe. Katika Alcoholics Anonymous, ushirika ulioanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja wao daktari, hakuna ada, na sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Jina la kwanza linatosha, na anayetaka kunyamaza huachwa anyamaze.

Hata hivyo, mkutano si hospitali (jambo hili husemwa kwa sauti ndogo mno): aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kukata pombe ghafla, kwa kuwa anaweza kushikwa na degedege la kuhatarisha maisha.

Wenye ratiba wazipitie kila mwezi, na waandike namba ambayo kweli hupokelewa.

Msomaji wako,
Niliyeacha pombe