Madaftari ya jioni yanawagombanisha walimu wapya na wachumba wao

Mhariri,

Mwalimu mpya akianza kuchelewa kurudisha madaftari, ofisini hukosi kusikia, "Kapata mchumba huyo, kazi haionekani tena." Tunaowalea walimu wapya katika shule za msingi tunaomba hesabu ifanyike kwanza.

Darasa la nne lina wanafunzi 70. Zoezi la maswali matano, dakika mbili kwa kila daftari, ni dakika 140. Akiwa na mazoezi ya masomo mawili siku hiyo, zinakaribia saa tano, na bado hajagusa maandalio ya kesho. Anafika nyumbani saa kumi, anachota maji, anapika, anaoga. Kalamu nyekundu anaishika saa mbili usiku, na huo ndio wakati mwenzake naye katulia, anapiga simu. Simu imelazwa kifudifudi mezani, inatetemeka kati ya madaftari. Anajibu meseji huku anasahihisha, na vema inaangukia jibu lenye kosa. Mtoto ataliamini kosa hilo mpaka siku ya mtihani. Mchumba naye anajibiwa "mh" na "sawa", anaanza kuuliza kama kuna mwingine.

Kazi hiyo imalizikie shuleni. Kipindi ni dakika 40. Zoezi lianze mapema, zibaki dakika 15 za kupita kwenye madawati na kalamu mkononi, ukianza na waliomaliza. Ukifika madaftari 20 kabla ya kengele, umefanya kazi. Majibu mafupi, kama ya kujaza nafasi, wabadilishane madaftari wasahihishane, kisha uyapitie. Lakini insha usiwaachie wasahihishane, maana anayekosea tahajia hawezi kuiona ya mwenzake. Isahihishe kwa safu, safu mbili kwa siku, wiki iishe na darasa zima. Vipindi usivyofundisha vimalizie madaftari yaliyosalia. Wengi huviacha viishie kwenye mazungumzo ya ofisini, halafu jioni wanabeba mfuko mzito.

Andalio la somo la Jumatatu liandikwe Ijumaa kabla ya kuondoka, azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, likiwa wazi mbele yako. Sehemu ya tathmini ijazwe somo linapoisha. Ikisubiri usiku utaandika "wanafunzi wengi wameelewa" bila kukumbuka nani hakuelewa.

Wiki ya zamu ndiyo yenye ugomvi mwingi. Mwalimu wa zamu anatangulia wanafunzi, anasimamia usafi, kengele, paredi na uji, anajaza kitabu cha zamu, na anaondoka wa mwisho. Asiye mwalimu anajua tu kwamba watoto wametoka saa nane. Kwa hiyo muhula unapoanza, ratiba ya zamu ikishabandikwa, mpelekee mwenzako nakala, pamoja na wiki za mitihani. Na ukimwahidi simu, taja saa. "Saa tatu kamili" inamtuliza mtu kuliko "baadaye", alimradi ikifika saa tatu upige kweli.

Kwa walio mbali na wenzao, hatari ni Ijumaa na Jumatatu. Mtu anaacha kipindi cha mwisho awahi basi, Jumatatu anaingia darasani saa nne. Mwalimu wa ajira mpya yuko kwenye majaribio ya miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini, na daftari la mahudhurio linasomwa. Kukutana mji wa katikati Jumamosi, kila mtu akarudi Jumapili mchana, kunachosha, ila kunalinda kazi. Safari ndefu zisubiri likizo, na inayoshindikana kusubiri iombewe ruhusa kwa maandishi. Mwenzake naye aje mara nyingine. Nauli na uchovu visimwelemee mmoja.

Walimu wakuu nao wana sehemu yao. Kijana anafika kituoni, na ndani ya mwezi mmoja kakabidhiwa darasa lenye mrundikano, michezo na stoo ya chakula, kwa hoja kwamba "hana familia". Kuwa hana mtoto hakumwongezei saa za siku, na familia haianzi kama jioni zote zimechukuliwa. Mpeni jukumu moja nje ya vipindi kwa mwaka wa kwanza, na mwalimu mzoefu akae naye nusu saa kila wiki wapange masomo pamoja. Stoo ishikwe na aliyekwishazoea vitabu vya hesabu zake.

Walimu walezi,
Dodoma