Mpwa wangu, anza na gitaa la pili

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umenunua gitaa na unataka kuingia kwenye bendi yetu, tena upige solo, lile gitaa linaloongoza. Nimefurahi sana. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu vijana wengi hunijia na ombi kama lako tukiwa kazini, kati ya wimbo na wimbo, na pale hakuna nafasi ya kumjibu mtu vizuri.

Njoo. Ila ukija, utaanza na gitaa la pili, lile la kushika mpigo.

Najua sivyo ulivyotaka. Solo ndiyo inayosikika hadi barabarani, ndiyo inayowafanya watu watoe simu wakurekodi. Lakini bendi ya baa haisimami kwa solo. Katika benga, muziki wa gitaa uliotoka kwa Waluo, solo humfuata mwimbaji na kumjibu, kisha maneno yakiisha huubeba wimbo hadi watu wasimame. Mwenye gitaa la pili hana mahali pa kupumzika. Anashika mpigo wake tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, besi ikipita chini yake, na akiyumba kidogo tu wachezaji wanarudi kwenye viti bila kujua kilichowarudisha.

Tazama historia ya muziki wa mji huu. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuja Nairobi na kuifanya Simba Wanyika kuwa bendi kubwa. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki wao liliondoka na kuunda Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani wa gitaa la pili, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. John Ngereza, ambaye wengi wanamkumbuka kwa sauti yake na solo yake, alijiunga nao wakitoka huko. Yaani nguzo zilitangulia, mpiga solo akapatikana. Chukua rekodi zao, ufuate gitaa la Omar peke yake mwanzo hadi mwisho, usiisikilize sauti wala solo. Fanya hivyo kila jioni hadi mkono uelewe.

Kuhusu kazi yenyewe, jua kwamba wanaokuja baa hawakuja kwa ajili yako. Wamekuja kula nyama choma, kukutana na marafiki, kutazama mpira. Jumamosi Ligi Kuu ya Uingereza huwa na mechi inayoanza saa kumi na moja na nusu jioni ya kwao. Kwetu hiyo ni saa moja na nusu usiku, na wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa mbili na nusu. Kwa hivyo ile saa tatu iliyoandikwa kwenye bango haina maana yoyote. Mtafunga vyombo, mtajaribu maiki, kisha mtakaa mkisubiri refa apulize kipenga. Na kama timu yenye mashabiki wengi imefungwa, mtapanda jukwaani mbele ya watu walionuna.

Hapo ndipo bendi hujulikana. Usiwarushie wimbo wa kelele. Tunaanza na rumba ya taratibu, spika zikiwa chini, tunawaacha wamalize ubishi wao. Kwenye kona fulani kutakuwa na mzee anayetikisa kichwa pole pole. Mpigie yeye. Baadaye mtu atakuja mbele akiwa na noti mkononi, atakunong'oneza jina la wimbo na jina la mke wake, na mwimbaji akilitaja jina hilo ndani ya wimbo utamwona yule mama akiinama kwa haya huku meza nzima ikimpigia makofi. Kisha meza ya pili itataka wimbo wa kwao. Nairobi ni hivyo: Mluo, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya wamekaa pamoja, na kila mmoja anataka asikie nyumbani kwao kabla ya kulala. Tukitoka kwenye benga tukaingia mugithi, muziki wa Wakikuyu unaochezwa kama garimoshi, wanapanga mstari, kila mtu ameshika mabega ya aliye mbele, wahudumu wanapita pembeni na sahani. Nimewaona watu waliokuwa wakigombana kwa sababu ya siasa wakishikana hivyo. Kwa ajili ya dakika hizo nimekubali mengine yote.

Na mengine yapo. Mwisho wa mwezi baa hujaa, lakini mwezi ukiwa kona, yaani mshahara umeisha na mwingine haujaja, mnawapigia wahudumu tu. Njaanuari, ile Januari ya njaa, usiitegemee kabisa. Kuna baa moja, sitaitaja, ambako tulipiga hadi usiku wa manane kisha meneja akasema mauzo hayakuwa mazuri, akatupa nauli tu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu mpishi na wahudumu hawakuambiwa hivyo. Tangu hapo tunataka nusu ya pesa iingie kwa M-Pesa kabla ya spika kushuka kwenye gari. Tunzo za wateja, zile noti wanazotuletea jukwaani, nazo haziendi mfukoni mwa mwimbaji. Zinaingia kapu moja, tunagawana sawa, pamoja na kijana wa mitambo. Ukiona bendi ambayo mwimbaji anaondoka na zake, jua haitafika mbali.

Kwa hivyo kazi yako ya mchana usiiache. Mpiga besi wetu ni fundi wa stima, mpiga ngoma anafundisha shule. Baa zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wenzetu waliotegemea jukwaa pekee waliuza vyombo vyao wapate kodi ya nyumba, na hata baa zilipofunguliwa, kafyu iliendelea kutukata usiku hadi Oktoba 2021. Wengine hawakurudi tena, na walikuwa wapigaji wazuri kuliko mimi.

Halafu kuna majirani. Mwaka 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa tena leseni katika maeneo ya makazi. Wanamuziki wengi walilalamika, kwa maana mitaani ndiko tulikokuwa tukipata kazi. Mimi nasema jirani ana haki. Mtoto wake ana mtihani, naye anaamka alfajiri kuwahi matatu. Bendi inayojua kazi inaweza kupiga chini na bado watu wakacheza, na hapo tena ni gitaa la pili linalohitajika, kwa sababu sauti ikishuka, mpigo ndio unaobaki kuwashika.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni. Njoo na nyuzi za akiba. Utakaa nyuma, karibu na ngoma, na kwa miezi mingi hakuna atakayeuliza jina lako. Mimi nitakuwa nakusikiliza.

Mama yako hajakubali bado. Swali lake ni moja: mnarudi vipi nyumbani usiku? Nimemwambia bendi nzima inarudi kwa gari moja, na kila mtu anashushwa mlangoni kwake. Mwambie nawe kwa mdomo wako, usisubiri aulize tena.

Mjomba wako