Ugoko na shavu la mguu: weka kidole panapouma

Kuanzia Januari, Kilimanjaro Marathon ikikaribia, wengi wanaoingia kliniki kwetu hapa Moshi hushika palepale: chini ya goti, juu ya kifundo. Baadhi ni wakimbiaji wa miaka mingi. Wengi zaidi ni watu wa ofisini waliojiandikisha kilomita 21, wakapumzika sikukuu zote, kisha wakaanza mazoezi kwa kishindo. Kabla ya lolote tunawaomba waweke kidole panapouma.

Maumivu yakitandaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, sentimita 5 au zaidi, mara nyingi mfupa na nyama zinazoushika zimezidiwa mzigo. Huuma mwanzo wa mbio, hupoa mwili ukipata moto, kisha hurudi baadaye. Mfupa ni kitu hai, hubomoka kidogo na kujijenga upya kila siku. Ukiongeza kilomita haraka, ujenzi unaachwa nyuma.

Kidole kikigusa sehemu moja ndogo ukashtuka kwa uchungu, au mguu ukiuma hata ukiwa umelala, tunahofia ufa wa mfupa. Acha kukimbia siku hiyohiyo. Wapo wanaokuja na eksirei safi wakiamini wamepona, ilhali ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki 2 au 3 za mwanzo. Kipimo cha MRI huuona mapema zaidi. Na kina dada, kama hedhi imekatika tangu mzidishe mazoezi, tuambieni bila aibu. Huenda ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha; hali hiyo hudhoofisha mifupa, na ufa unaweza kurudi hata baada ya mapumziko.

Shavu la mguu lina habari yake. Msuli wa juu ukichanika unajua papo hapo, kama umepigwa jiwe kwa nyuma. Ule wa ndani hukaza polepole, siku baada ya siku, na kupanda kule Mweka ndiko kunakouchosha hasa. Lakini shavu moja likivimba, likawa na joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi kutoka Dar, usilichue wala usitusubiri sisi. Nenda hospitali mara moja, huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Kuhusu kuchua: shavu lililokaza tu linaweza kupata nafuu kwa kukandwa taratibu. Mfupa wa ugoko usikandamizwe. Tunapokea watu waliochuliwa hadi ngozi ikavilia damu, na maumivu yakaongezeka.

Maumivu ya kawaida ya ugoko, yale yaliyotandaa, hayahitaji kulala kitandani. Tunapunguza kilomita, mara nyingi kwa nusu, tunaondoa miteremko na mbio za kasi, na mapafu yanaendelea kufanya kazi kwa baiskeli. Kisha tunajenga nguvu: simama ukingoni mwa ngazi, nyanyua visigino, shuka polepole, mara 12 hadi 15, mizunguko 3, goti likiwa limenyooka na baadaye likiwa limekunjwa kidogo. Zoezi hili linachosha kwa kujirudia, lakini ndilo tunalolitegemea kuliko mashine yoyote tuliyo nayo. Hatua nazo tunazifupisha, ziwe za haraka kidogo, asilimia 5 hadi 10 zaidi kwa dakika, ili kila kishindo kipungue.

Raba za mitumba hazina ubaya kwa kuwa ni za mitumba. Tazama soli: ikiwa imelika upande mmoja, au imekuwa ngumu na haibonyei, imekwisha hata kama juu inang'aa.

Ukija, vaa kaptula na ulete raba unazokimbilia, zile kuukuu. Tuonyeshe pia kilomita zako za wiki 6 zilizopita, hata kama umeziandika kwenye simu tu. Tutakutazama ukitembea, ukinyanyua kisigino kwa mguu mmoja, na ukikimbia kidogo kama mguu unaruhusu.